Wizi Kazini: RB, Kikao cha Nidhamu na Fedha Zilizopotea

Barua nyingi zilizofika mezani zinazunguka jambo moja: mfanyakazi amebainika kufanya udanganyifu, ameachishwa au yuko mbioni kuachishwa, na mwenye mali anataka sheria ichukue mkondo wake. Tumechagua saba na kuzifupisha. Majibu yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira na vyombo vyake. Namba za vifungu ni za sheria zilivyotungwa awali. Kwenye toleo lililorekebishwa unaweza kukuta namba imesogea, kwa hiyo fuata kichwa cha kifungu.

Nina duka la vyakula Sinza. Binti wa kaunta alibandika lipa namba yake (ya kupokea malipo kwa simu) pembeni ya ile ya duka, wateja wakalipia huko zaidi ya miezi miwili. Nimeshachukua RB. Nataka nimfukuze leo leo na polisi wamchukue. Kuna tatizo? (Mama wa duka, Sinza)

Mama, kuchukua RB, yaani namba ya kumbukumbu ya lalamiko polisi, si kosa. Tatizo liko kwenye hilo "leo leo".

Una mambo matatu mkononi ambayo watu huyafunga kamba moja: ajira yake, jinai yake, na fedha zako. Kila moja lina mahali pake pa kwenda, muda wake na kipimo chake cha ushahidi. Polisi hawamwachishi mtu kazi. Kikao chako cha nidhamu hakimfungi mtu jela. Na vyote viwili, peke yake, havikurudishii hata shilingi.

Anza na mtego ambao waajiri wengi hawaujui mpaka wameshanasa. Kifungu cha 37(5) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema mfanyakazi aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai ambalo kimsingi ni lile lile hatapewa adhabu ya nidhamu wala kuachishwa kazi mpaka mahakama imalize shauri, pamoja na rufaa yake. Kinachobaki kwako ni kumsimamisha kwa mshahara kamili. Piga hesabu: kama unamlipa 350,000 kwa mwezi na kesi ikavutana miezi 18, utakuwa umemlipa 6,300,000 akiwa nyumbani kwake. Pengine ni zaidi ya alichochukua.

RB ni kumbukumbu kwamba malalamiko yako yamepokelewa. Kushtakiwa ni kusomewa mashtaka mahakamani. Kati ya hayo mawili kuna upelelezi, na huo ndio muda wa kumaliza suala la nidhamu, kwa haraka lakini kwa utaratibu. Utaratibu wenyewe uko kwenye Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007:

Leo hii mpe barua ya kumsimamisha kazi kwa mshahara kamili ili kupisha uchunguzi. Usiandike "umeiba", andika "unatuhumiwa". Achukuliwe funguo, namba ya siri ya mashine ya EFD (ya risiti za kodi) na simu ya duka, na makabidhiano yaandikwe na kusainiwa na watu wawili.

Kisha uchunguzi. Hapa usiwe na haraka ya siku moja. Piga picha ile karatasi ya lipa namba ikiwa bado ukutani, picha ioneshe kaunta yako na tarehe. Usiibandue mwenyewe na kuitupa kwa hasira. Ibanduliwe mbele ya shahidi, iwekwe kwenye bahasha, bahasha isainiwe. Chukua ripoti za Z za EFD (jumla ya mauzo ya siku) za siku husika, chukua taarifa ya miamala ya lipa namba ya duka kutoka kwa mtandao wako, uzilinganishe siku kwa siku. Risiti iliyotolewa bila fedha taslimu kwenye droo na bila muamala kwenye lipa namba ya duka ndiyo pengo lako. Tafuta wateja watatu au wanne ambao bado wana ujumbe wa malipo kwenye simu zao unaoonesha jina la aliyepokea. Hao ni mashahidi wazito kuliko jedwali lolote. Kamera nayo iwahi: mashine nyingi hurekodi juu ya picha za zamani baada ya siku chache au wiki kadhaa, kutegemea ukubwa wa diski. Aliyenakili picha aandike siku, saa na kifaa alichotumia, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inapokea ushahidi wa aina hii lakini inaangalia ulivyotunzwa na kama unaaminika.

Usimlazimishe afungue simu yake binafsi wala kukupa namba yake ya siri. Taarifa za laini yake zitapatikana kupitia polisi au amri ya mahakama, na zikipatikana hivyo hakuna atakayezipinga kwa urahisi.

Uchunguzi ukikamilika, mpe hati ya tuhuma yenye tarehe, kiasi na namna ilivyofanyika. "Utovu wa uaminifu" pekee haitoshi. Mtu hawezi kujibu hewa. Ambatisha nakala ya ripoti ya uchunguzi na vielelezo. Waajiri wengi huificha ripoti mpaka siku ya kikao, na huko ndiko wanakoangukia. Kutoka apokee hati mpaka kikao zipite angalau saa 48. Mweleze kwamba anaweza kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kuleta mashahidi na kuwahoji wako.

Nani aongoze kikao? Kanuni inataka kiongozi mwenye cheo cha kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Kwenye duka la watu wanne hilo ni gumu, na hakika si wewe: wewe ndiye uliyegundua, ndiye unayelalamika, ndiye shahidi. Ukikaa tena kuwa hakimu, kikao kimeshavunjika kabla ya kuanza. Tafuta mtu wa nje anayejua kazi hiyo, mpe barua ya kumteua, na hakikisha hajaambiwa matokeo unayoyataka.

Akionekana ana kosa, apewe nafasi ya kujitetea juu ya adhabu kabla haijatolewa. Udanganyifu mkubwa ni miongoni mwa makosa ambayo kanuni inaruhusu kuachisha kazi hata kwa kosa la kwanza. Uamuzi uwe wa maandishi, wenye sababu, ukimweleza haki ya kukata rufaa ndani ya siku 5 za kazi kama una ngazi ya juu ya kuisikiliza, na haki ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA.

Kipimo cha kikao ni upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Mahakama ya jinai inataka kuthibitisha pasipo kuacha shaka yenye mashiko. Ndiyo maana ushahidi ule ule unaweza kutosha kumwachisha na usitoshe kumfunga. Na kule CMA mzigo wa kuthibitisha kwamba umemwachisha kihalali ni wako, si wake.

Mtunza stoo wangu ameniachia upungufu wa katoni 57. Nimemwachisha baada ya kikao. Nimezuia mshahara wake wa mwisho, na nimemwambia barua ya NSSF hapati mpaka alipe. Wakili wake ananitisha. (Mfanyabiashara wa jumla, Kariakoo)

Wakili hakutishi bure, ndugu.

Tuanze na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Michango ile si mali yako, hata ile sehemu uliyomchangia wewe. Huwezi kuishika rehani ya deni. Mpe barua ya kuachishwa na cheti cha utumishi. Kifungu cha 44 cha Sheria ile ile ya Ajira kinakudai cheti hicho hata kwa aliyeiba. Kinakudai pia mshahara wa siku alizofanya kazi na malipo ya likizo aliyoilimbikiza. Ambacho hapati, ikiwa ameachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, ni kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi.

Kukata mshahara kunaruhusiwa, ila kwa masharti ya kifungu cha 28, na yote yatimie: hasara itokee kazini na kwa kosa lake, umwandikie chanzo, kiasi na jinsi ulivyokipata, apewe nafasi ya kweli ya kupinga, jumla isizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya malipo yake ya fedha. Mtu wa mshahara wa 600,000 hakatwi zaidi ya 150,000 kwa mara moja. Ukishika mshahara mzima umevunja sheria hata kama kila katoni imethibitishwa.

Sasa hizo katoni 57. Swali la kwanza atakalokuuliza mwamuzi ni: umezipataje? Hesabu isimame hivi. Katoni zilizohesabiwa mwanzo wa kipindi, wote wawili mkasaini: 420. Zilizoingia kwa hati za kupokelea mzigo: 1,150. Zilizouzwa kwa risiti za EFD: 1,228. Zilizoharibika na kuandikwa: 17. Zinazopaswa kuwepo ni 325. Zilizokutwa ni 268. Upungufu 57. Kwa bei ya kununulia ya 84,000 kila moja, hasara ni 4,788,000. Tumia bei ya kununulia yenye ankara, si bei ya kuuzia. Faida ambayo ungeipata ni ubishi mwingine, na ukiichanganya humo unafanya hesabu nzima ionekane imetiwa chumvi.

Udhaifu wa kesi za stoo uko sehemu tatu. Hesabu ya mwanzo haikusainiwa, kwa hiyo upungufu unaweza kuwa wa mtu aliyemtangulia. Funguo walikuwa nazo watu zaidi ya mmoja (kaka wa bosi, dereva, mlinzi wa usiku). Au mali ilikuwa inatoka kwa mkopo kwa maneno ya mdomo ya bosi mwenyewe, "mpe huyo katoni tano, atalipa Ijumaa", na Ijumaa haikuandikwa popote. Hili la tatu Kariakoo limezoeleka mno. Likiwepo dukani kwako, toa hizo katoni kwenye hesabu kabla wakili wake hajazitoa.

Deni lililobaki, kwa kuwa hana tena mshahara wa kukatwa, lina njia mbili. Moja ni makubaliano ya maandishi: kiasi, tarehe za malipo, akaunti ya kulipia, mashahidi wa pande zote mbili, asaini akiwa na mtu wake. Ya pili ni kufungua madai. Wengi hukimbilia mahakama ya kawaida na kukutana na pingamizi la mamlaka, kwa sababu dai linatokana na mkataba wa ajira. Mwajiri naye ana haki ya kupeleka mgogoro CMA kwa Fomu Na. 1, na kwa madai ambayo si ya kuachishwa kazi muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Ukichelewa, unaambatanisha Fomu Na. 2 pamoja na kiapo chenye sababu za kuchelewa. "Nilikuwa nasubiri polisi" si sababu nzuri. Mkipatana mbele ya msuluhishi, makubaliano yaandikwe hapo hapo. Yana nguvu ya kutekelezwa kuliko ahadi ya dukani.

Nilifungiwa ofisini mpaka saa 3 usiku nikaambiwa niandike barua ya kukiri kuiba 2,400,000 ndipo nitoke. Niliandika. Wiki iliyofuata nikaachishwa, baadaye nikafunguliwa kesi. Nasubiri nishinde kesi halafu nikawadai kazi yangu. (Aliyeachishwa, Mbagala)

Usisubiri. Hili ndilo kosa linalowapotezea haki watu wengi zaidi, wenye hatia na wasio na hatia.

Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu siku ulipoachishwa. Hazihesabiwi kuanzia siku uliposhinda kesi ya jinai, na kesi hiyo haisimamishi saa ya CMA. Jaza Fomu Na. 1, mpelekee mwajiri nakala, upate uthibitisho wa kupokea (mhuri, saini, au risiti ya posta), ndipo uifungue Tume. Kama siku 30 zimeshapita, fungua ukiwa na Fomu Na. 2 na kiapo, ueleze kila wiki ilipotea vipi: mahabusu siku ngapi, hospitali siku ngapi, na karatasi zake.

Angalia pia tarehe mbili: ya kusomewa mashtaka na ya barua ya kuachishwa. Kwa maelezo yako kuachishwa kulitangulia. Ingekuwa kinyume chake, kifungu cha 37(5) tulichokitaja juu kingekuwa hoja yako ya kwanza.

Kuhusu barua ya kukiri: maungamo yanayopatikana kwa vitisho, au mtu akiwa amezuiwa kutoka, yanapingika CMA na mahakamani pia. Kumfungia mtu isivyo halali nalo ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu. Lakini kupinga kunahitaji vitu vya kushika. Ulitoka saa ngapi? Nani alikuona ukitoka? Ulimpigia nani au kumtumia nani ujumbe usiku ule? Ulilalamika lini kwa mara ya kwanza? Aliyekaa kimya miezi 4 kisha akasema alilazimishwa hueleweka kwa shida. Andika yote leo, tarehe na saa, na ujumbe wa simu usiufute.

Ukishinda jinai, usidhani ajira imerudi yenyewe. Mwamuzi anaweza kuona mwajiri alikuwa na sababu halali kwa kipimo chepesi cha kikao cha nidhamu, ingawa mahakama haikuridhika kwa kipimo chake kizito. Kinachokusaidia zaidi CMA mara nyingi ni utaratibu: hati ya tuhuma ulipewa? Saa 48 zilipita? Nani aliongoza? Barua ya kukiri iliyopatikana kwa kulazimishwa haiondoi kikao.

Nilimsainia mpwa wangu karatasi ya udhamini alipoajiriwa ukeshia. Sasa wananidai mimi. Ni halali? (Mjomba, Tabata)

Itategemea karatasi inasema nini, na hapo tunamaanisha neno kwa neno.

Fomu nyingi za udhamini hapa mjini ni za utambulisho: "namfahamu, ana tabia njema, nitasaidia apatikane." Hiyo haikufanyi mlipaji. Kama imeandikwa kwamba utalipa hasara atakayosababisha, hapo ni mkataba wa dhamana chini ya Sheria ya Mikataba, na deni la mdhamini huwa sawa na la mdhaminiwa isipokuwa mkataba umeweka kikomo. Tafuta kikomo hicho.

Tafuta pia mabadiliko. Ulimdhamini kama keshia. Kama baadaye wamempa stoo na funguo zake bila kukuuliza, dhamana yako haibebi hasara iliyotokea baada ya mabadiliko hayo. Na kama walimkamata na udanganyifu mwaka jana, wakamsamehe kimya kimya, wakaendelea kumwachia droo bila kukuambia, una hoja nzito. Omba kwa maandishi nakala ya karatasi uliyosaini, mchanganuo wa hasara, na uamuzi wa kikao cha nidhamu. Kabla hujapata hivyo vitatu, usisaini "ahadi ya kulipa" yoyote, hata ya laki moja ya kuonesha nia njema.

Kajiuzulu asubuhi ya kikao. Je, kesi imekufa? (Meneja rasilimali watu, Mikocheni)

Haijafa. Kilichoisha ni ajira, kwa hiyo huna wa kumwachisha. Pokea barua kwa maandishi ukieleza kwamba kujiuzulu hakufuti uchunguzi, malalamiko polisi wala madai ya hasara. Kama barua ina taarifa ya siku 28, bado ni mfanyakazi wako ndani ya siku hizo na kikao kinaweza kuendelea. Usimwambie mtu "jiuzulu au twende polisi". Hiyo humpa njia ya kudai kwamba hakujiuzulu, alisukumwa, na ikithibitika itahesabiwa kuwa umemwachisha wewe.

Madereva wawili wameleta risiti za mafuta za kughushi kwa miezi 7. Kituoni tumeambiwa "hii ni madai, nendeni mahakamani". Tufanyeje? (Mhasibu, kampuni ya usafirishaji, Ubungo)

Mara nyingi jibu hilo hutokana na namna lalamiko lilivyopelekwa. Ukiingia kituoni ukasema "madereva wamenitia hasara ya milioni 11, wanilipe", umeeleza deni. Ukiingia na risiti 43, ukaonesha kwamba namba zake hazimo kwenye kumbukumbu za kituo cha mafuta, umeeleza kughushi na kutoa nyaraka ya uongo, na hayo ni makosa ya jinai hata kabla ya kuzungumzia fedha.

Andaa faili, usiende na maneno. Ukurasa wa kwanza uwe maelezo mafupi: nani, cheo gani, kuanzia lini, kwa njia gani, kiasi gani. Nyuma yake mkataba wa ajira, ili kuonesha ni mtumishi na mali ilikuwa mikononi mwake kwa sababu ya kazi. Hilo ndilo linalotofautisha wizi wa mtumishi na wizi mwingine. Kisha jedwali: tarehe, gari, risiti, lita zilizodaiwa, kiasi, aliyesaini kupokea fedha. Kisha barua ya kituo cha mafuta ikikana risiti, na jina la mtu wao atakayekuja kutoa ushahidi. Risiti za EFD zina namba ya uhakiki, na TRA (Mamlaka ya Mapato) ina ukurasa wa kuzihakiki. Risiti isiyotambulika humo, chapisha matokeo ya kila moja. Ongeza kumbukumbu za GPS: gari lililodaiwa kujazwa lita 300 Chalinze saa 8 mchana huku likiwa limeegeshwa Ubungo ni ushahidi ambao hakimu anauelewa bila maelezo.

Nakala halisi za risiti zisitobolewe, zisiandikwe juu, zisigongwe mhuri mpya. Mtaalamu wa maandishi atazihitaji. Peleka vivuli, na halisi zikabidhiwe mpelelezi kwa hati ya kukabidhiana yenye orodha. Andika jina la mpelelezi na namba ya jalada. RB peke yake baada ya miezi mitatu haikusaidii kufuatilia. Ukikwama, nenda kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya ukiwa na faili lile lile. Kumbuka kwamba kushtaki ni uamuzi wa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Wewe ni mlalamikaji na shahidi. Kwa hiyo hata mkipatana na madereva, huwezi kuahidi kwamba "kesi itafutwa". Kupokea fedha kwa makubaliano ya kuficha kosa la jinai kunaweza kukugeuza mtuhumiwa.

Kama kuna mtu ndani aliyekuwa anapewa chochote ili apitishe risiti hizo, hiyo ni rushwa na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, inahusika hata kama kampuni ni binafsi. Mara nyingi yupo. Risiti 43 hazipiti kwenye meza ya mhasibu kwa miezi 7 zenyewe, na samahani kwa kusema hivyo, upelelezi utaanzia mezani kwako.

Kuhusu fedha: wakitiwa hatiani, upande wa mashtaka uombe amri ya fidia, kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaipa mahakama uwezo huo. Mkumbushe mwendesha mashtaka mapema na umpe hesabu, maana usipoiomba inaweza kupita. Tangu marekebisho ya mwaka 2019 kuna pia makubaliano ya kukiri kosa, ambayo yanaweza kubeba sharti la kurudisha fedha.

Na kama kampuni ina bima ya uaminifu wa wafanyakazi, soma mkataba leo. Bima hizi kwa kawaida hutaka taarifa ndani ya muda mfupi tangu kugundua, ripoti ya polisi, na malipo anayodai mtuhumiwa yasilipwe wala deni lake kusamehewa bila ridhaa ya bima. Ukishamlipa dereva malipo yake yote ya mwisho bila kuitaarifu bima kwanza, itakuuliza kwa nini.

Naweza kutoa picha ya aliyefukuzwa kwenye gazeti na kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara ili asiibe kwingine? (Mwenye maduka ya simu, Ilala)

Tangazo la kwamba mtu si mfanyakazi wako tena lina sababu ya kibiashara: wateja wasiendelee kumpa fedha. Liwe fupi. Jina, cheo alichokuwa nacho, tarehe alipoacha kuwa mfanyakazi, na kwamba hana idhini ya kupokea malipo au kusaini kwa niaba ya kampuni. Liwekwe pale wateja wake walipo. Ukiongeza "mwizi", "tapeli" au "anatafutwa", umetoka kwenye taarifa na kuingia kwenye kashfa, na kama mahakama haijamtia hatiani utathibitisha kwa ushahidi wako mwenyewe.

Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), anwani ya nyumbani, majina ya wazazi na nakala ya mkataba visiwekwe kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakubana wewe kama mtunzaji wa taarifa hizo, na ulizipata kwa ajili ya ajira. WhatsApp ni mbaya zaidi ya gazeti: gazeti lina tarehe na mipaka, ujumbe wa kundi utaendelea kusambazwa hata baada ya mtu kuachiwa huru, ukiwa na namba yako juu yake.

Mwajiri mwingine akikupigia kuuliza, mjibu kwa yaliyo kwenye karatasi: alifanya kazi kuanzia lini hadi lini, na aliachishwa baada ya kikao cha nidhamu. Akitaka zaidi, alete ombi la maandishi lenye ridhaa ya mhusika.